Kufufua kampi ya zamani Lubumbashi: karatasi na mfereji kwanza, kuta baadaye

Nyumba za kampi (mitaa ya wafanyakazi) za Lubumbashi, Kongo, zilijengwa kwa hesabu moja. Union Minière, kampuni ya machimbo ya shaba, na kampuni ya reli walijengea wafanyakazi wao, na kule Ruashi ikaja Office des Cités Africaines, ofisi ya serikali ya kikoloni ya kujenga makazi, iliyoanzishwa mwaka 1952. Kote mpango ulikuwa ule ule: lupango (kiwanja) moja, familia moja, na mwenye kampi ndiye anayebadili lata (bati la paa) lililotoboka na kuzibua mfereji. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, na utaratibu ukaendelea. Miaka ya 1990 uzalishaji uliporomoka, na fundi wa kampi hakuonekana tena. Kisha, kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Nyumba zilibaki na watu lakini hazikubaki na mtunzaji. Mwenye lupango akajenga aneksi (nyumba ndogo ya kupangisha) nyuma, akaongeza nyingine pembeni, akapangisha ili watoto wale.

Kwa hiyo ugonjwa wenyewe haumo ukutani. Lupango la watu watano sasa lina watu 12, na bado linategemea bomba lile lile, shimo lile lile la choo na mfereji ule ule uliojaa udongo. Ukibomoa nyumba na kujenga mpya bila kugusa hayo, mvua ya tatu itakuta chumvi imeshapanda hadi dirishani, kwa sababu maji yaliyoila nyumba ya kwanza bado yapo.

Mwongozo huu ni wa kamati ya wakaaji, mafundi na viongozi wa kartie (mtaa) wanaotaka kutengeneza kipande cha malupango 40 hivi. Tumechagua 40 kwa makusudi: yanatosha mfereji mmoja na transfoma moja, na bado watu wake wanaweza kukaa chini ya mti mmoja wakasikilizana. Hesabu zote hapa chini zinachukua kaya tatu kwa lupango, yaani kaya 120 na watu 480.

Kalenda ni ya mvua. Mvua za Lubumbashi hushika kati ya Oktoba na Novemba na kuachia Aprili. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ndicho cha kuchimba na kujenga. Miezi ya mvua ni ya karatasi na vikao, na ya kutazama maji yanapita wapi. Kamati inayoanza vikao mwezi wa Juni imeshapoteza mwaka.

Hatua ya kwanza: watu na karatasi zao

Kabla ya kupima ukuta wowote, pitia malupango yote 40 ukiandika nani analala wapi. Waende wawili wawili, mmoja awe mama, na wote wawili watoke barabara nyingine. Mpangaji hatasema kweli kuhusu kodi yake mbele ya jirani anayekunywa chai na mwenye nyumba. Andika idadi ya vyumba, watu, watoto chini ya miaka sita, choo, chanzo cha maji, kazi inayofanyika pale (saluni, duka, gereji, mashine ya unga), na karatasi waliyonayo. Namba za malupango ziandikwe kwenye ramani, si ukutani. Mjini kwetu rangi nyekundu ukutani ina maana moja tu, kubomolewa, na ukiipaka leo, kesho kikao chako kitakuwa na watu wanne.

Karatasi zitakuwa za kila aina: livret de logeur (kijitabu cha mwenye nyumba) ya babu, fiche parcellaire (karatasi ya lupango) ya komini (utawala wa sehemu ya mji), barua ya kampuni ya kumwachia mfanyakazi nyumba, au karatasi ya mauzo yenye sahihi za mashahidi. Zote zitunzwe, ila zisiitwe kile zisichokuwa. Kifungu cha 219 cha Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 kinasema kwamba haki ya kutumia ardhi inathibitishwa na certificat d'enregistrement (hati ya usajili) peke yake, inayotolewa na Conservateur des titres immobiliers, msajili wa hati za ardhi. Karatasi nyingine ni ushahidi wa kuanzia safari ya kuifikia hati hiyo: kupimwa na kuwekewa mawe ya mpaka na watu wa cadastre (ofisi ya upimaji wa ardhi), kisha mkataba wa konsesyo (haki ya kutumia ardhi ya serikali), kisha hati. Raia wa Kongo, akiwa mtu binafsi, anaweza kuomba konsesyo ya kudumu. Kampuni na chama hupata konsesyo ya kawaida yenye muda, mara nyingi miaka 25 inayoweza kuongezwa.

Ombeni upimaji kwa pamoja. Mpimaji akija mara moja kwa malupango 40, mawe yote yanawekwa majirani wakiwa wamesimama hapo hapo, na kila mmoja anatia sahihi mpaka wa mwenzake. Akija mara 40 kwa watu 40, kila mpaka utakuwa na vita vyake.

Kinachoharibu hatua hii kuliko kingine ni urithi. Baba amekufa, watoto ni watano, mmoja yuko Kolwezi, na mdogo wao ameshapokea arbuni ya mnunuzi. Hapo panahitajika cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na sahihi ya kila mrithi. Zikikosekana, lupango hilo liachwe nje ya ubomoaji, ingawa mfereji na bomba vinaweza kupita mbele yake. Usisubiri ukoo usuluhishwe ndipo uanze na wengine 39. Mtahadharini pia na komisyonere (madalali): kampi ikishasikika kwamba itatengenezwa, wanaanza kupita jioni kununua karatasi kwa bei ya zamani.

Wapangaji wanastahili mkataba wao. Mara nyingi ndio wengi zaidi katika kampi, na ndio wasioitwa kikaoni. Kabla ya kazi, mwenye nyumba na mpangaji waandikiane mambo matatu: mpangaji atahamia chumba gani wakati wa ujenzi, atarudi mwezi gani, na kodi haitapanda kwa muda gani baada ya kurudi. Sisi tungeomba miezi 24. Wakati huo huo mkumbushane kwamba Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 haimruhusu mwenye nyumba ya kuishi kudai garanti (amana) inayozidi kodi ya miezi mitatu. Bila mkataba huo kampi itapendeza kweli, lakini watakaokaa ndani yake watakuwa watu wengine.

Kama anayetaka kubomoa ni serikali au kampuni, ulizeni kwanza hati ya manufaa ya umma. Kifungu cha 34 cha Katiba kinataka fidia ya haki inayolipwa kabla ya mtu kuondolewa, na utaratibu wake umo katika Sheria namba 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977. Orodha yenu ya kaya ndiyo itakayoonyesha nani alikuwepo, kwa hiyo nakala moja ikae nje ya mtaa.

Hatua ya pili: kupima nyumba ipi inapona

Zana ni chache: timazi, bisibisi ndefu, tochi, rula ya milimita, plasta kidogo na daftari. Fundi mmoja anamaliza nyumba sita kwa siku.

Anza na nyufa. Ufa mwembamba wa chini ya milimita 1 kwenye plasta si kitu. Ufa wa ngazi ngazi unaofuata viungo vya matofali una maana kwamba msingi umeshuka upande mmoja. Weka kipande cha plasta juu yake, kiandike tarehe, urudi baada ya miezi mitatu ya mvua. Kikiwa kizima, ukuta umetulia na unaweza kushonwa. Kikikatika, kuna maji chini. Ufa unaozidi milimita 5, hasa pale upande mmoja umejitokeza mbele ya mwingine, ni wa kubomoa sehemu hiyo. Ukuta uliolala zaidi ya theluthi ya unene wake usishikwe kwa nguzo na maombi: ushushwe.

Kisha tazama chini. Uwanja unaofagiliwa kila asubuhi kwa miaka 60 hushuka, na mvua humalizia kazi, hata msingi ubaki wazi kwa sentimita 20 au 30. Ni kasoro ya kawaida mno, na dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: rudisha udongo safi, ushindilie kwa tabaka za sentimita 15, kisha zungusha nyumba kwa sakafu ya zege ya upana wa sentimita 60 inayoteremka kuelekea nje. Ukuta wenye unyevu hadi urefu wa mita moja usipakwe plasta ya simenti, kwa sababu inafunga maji ndani na baada ya mwaka inabanduka pamoja na uso wa tofali. Kwangua, uache ukuta ukauke kiangazi kizima, kisha upake plasta ya chokaa.

Panda juu ya dari mwishoni. Choma kila mbao ya sharpanti (kiunzi cha paa) kwa bisibisi kwenye ncha zinazokaa ukutani, maana mchwa huanzia hapo. Mbao inayoingiwa zaidi ya sentimita 1 imekwisha, hata kama imepakwa rangi vizuri.

Baada ya hapo piga hesabu. Matengenezo yakizidi asilimia 60 ya gharama ya kujenga upya, jenga upya. Yakiwa chini ya hapo, tengeneza. Matofali ya zamani ya kampi yaliyochomwa vizuri mara nyingi ni bora kuliko yanayouzwa leo barabarani. Tofali likigongwa na mwenzake likalia kama kengele, lisafishe ulitunze.

Hatua ya tatu: eternit na udongo, kabla nyundo haijashika kitu

Paa nzito la kijivu lenye mawimbi, lisilopata kutu na linalovunjika kama sahani, lichukuliwe kuwa ni eternit ya asbesto hadi ithibitishwe vinginevyo. Likikaa kimya halina neno. Likikatwa kwa msumeno, likipasuliwa au likitupwa chini, linatoa nyuzi zinazoingia kwenye mapafu na kuua mtu baada ya miaka 20 au zaidi. Lilowesheni kwa maji yenye sabuni kidogo, fungueni misumari badala ya kuvunja, teremsheni karatasi nzima kwa mikono miwili. Barakoa iwe ya kichujio cha FFP3, kwani kitambaa hakizuii chochote. Funga karatasi mara mbili kwa plastiki nene, kisha zizikwe mahali palipokubaliwa na komini, mbali na visima, na ramani ya shimo ibaki ofisini. Vipande visitumike kuziba mashimo ya barabara. Watoto wasikaribie siku hiyo.

Udongo ni habari ya pili, na Lubumbashi haina ruhusa ya kuisahau. Tanuru la shaba lilianza kuyeyusha mwaka 1911. Pepo zinazovuma zaidi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulimwaga risasi, shaba, kobalti, kadimi na arseniki upande wa kaskazini-magharibi, ndiyo sababu udongo wa Penga Penga umechunguzwa sana. Kampi iliyo karibu na tanuru au kwenye njia hiyo ya moshi ipimiwe udongo kwanza. Chukua sampuli kwenye sentimita 5 za juu, pointi tano kwa lupango, changanya, uwaulize wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni maabara gani inayozipima.

Sumu hii humfikia mtoto kwa vumbi na mikono kabla ya kumfikia kwa sahani. Kwa hiyo kazi kubwa ni kufunika: sentimita 30 za udongo safi kutoka nje ya njia ya moshi, na majani juu yake, au pavé (matofali ya kutandaza chini) pale watoto wanapochezea. Lengalenga na matembele yapandwe kwenye tuta lililoinuliwa lenye udongo ulioletwa. Chokaa na mbolea ya majani hupunguza kiasi ambacho mmea unafyonza, ila haziondoi vumbi. Na mchanga mweusi wa terril (kilima cha takataka za tanuru) au mchanga wa machimbo, hata ukiletwa bure mlangoni, usiingie kwenye plasta wala kwenye uwanja.

Hatua ya nne: maji yanayotoka

Hii ndiyo kazi ya kwanza ya jembe. Simameni barabarani mvua kubwa ikinyesha, mkiwa na vijiti na kamba, mkaweke alama maji yanapotokea na yanapoishia. Kipimo cha ofisi hakitakuonyesha kwamba jirani alijaza mfereji ili apitishe gari lake.

Ukubwa wa mfereji unahesabiwa hivi. Hekta moja ya kampi iliyojaa malata na uwanja uliokanyagwa inatoa karibu asilimia 60 ya mvua yake. Mvua ya milimita 100 kwa saa, kasi ambayo dhoruba hushika kwa dakika chache, inaleta lita 167 kila sekunde. Mfereji wa mawe wa sentimita 40 kwa 40, wenye mteremko wa sentimita 50 katika mita 100, unapitisha lita 174 hivi ukiwa umejaa hadi mdomoni na ukiwa safi kabisa. Hakuna mfereji wa namna hiyo mjini. Jenga wa 50 kwa 50, unaopitisha zaidi ya lita 300, ili tope na chupa zipate nafasi yao bila kufukuza maji. Ukikusanya maji ya hekta mbili, mfereji mmoja wa ukubwa huo uko mpakani mwa uwezo wake. Gawa maji pande mbili.

Anza kujenga kutoka chini kwenda juu. Kamati nyingi huanzia juu, mbele ya nyumba ya rais wa kamati, na fedha zinaisha kabla ya kufika mtoni. Matokeo ni maji ya barabara tatu kumwagwa kwa kasi kwenye ukuta wa mtu mmoja. Kabla ya kuchimba, pata kibali cha komini na uonane na Office des Voiries et Drainage, ofisi ya serikali ya barabara na mifereji, ili mfereji wako uingie kwenye wao badala ya kuishia hewani. Vifuniko vya kuingilia lupango viwe vya zege, upana wa sentimita 50, vyenye masikio ya kunyanyulia. Kifuniko kisichonyanyuliwa na watu wawili hakitanyanyuliwa kamwe.

Hatua ya tano: maji yanayoingia, na vyoo

Watu 480 kwa lita 50 kila mmoja wanahitaji lita 24,000 kwa siku. Nendeni REGIDESO, kampuni ya maji ya serikali, na namba hiyo mkononi mkaulize bomba kuu lililo karibu linaweza kutoa kiasi gani, na saa ngapi. Kama maji huja usiku tu, jengeni tangi la pamoja la mita za ujazo 25 mahali pa juu. Usipange visima 40 katika malupango 40 yenye vyoo vya shimo. Kisima na choo vinatakiwa kuachana walau mita 30, na kampi haina nafasi hiyo.

Mabomba ya chuma ya zamani huwa yamebanwa na kutu hata tundu likabaki kama kidole. Usiunganishe bomba jipya nayo. Laza bomba la plastiki nyeusi la milimita 63 kwa njia kuu na la milimita 25 kwa kila lupango, kwa kina cha sentimita 70, juu ya kitanda cha mchanga wa sentimita 10. Usifukie kabla ya kulijaribu kwa presha ya bar 6 kwa saa moja, huku viungo vyote vikionekana. Bomba la maji lipite upande wa pili wa barabara, mbali na maji machafu. Yakilazimika kuvukana, la maji safi liwe juu.

Choo cha shimo kilichojaa ni sababu ya ugomvi mwingi kuliko mpaka. Kwa lupango la watu 12 hadi 15, tangi la septiki la mita za ujazo 3.5 lenye vyumba viwili, cha kwanza kikiwa theluthi mbili, linatosha likinyonywa kila miaka mitatu. Kabla ya kuchimba shimo la kupotezea maji, jaribu udongo: shimo la kina cha sentimita 60, lijazwe maji mpaka liloweke, kisha lijazwe tena na upime. Maji yakichukua zaidi ya dakika 25 kushuka sentimita 1, udongo huo haunywi. Hapo unganisha malupango kadhaa kwa bomba la milimita 110 lenye mteremko wa sentimita 2 kwa mita hadi mahali panapokubali. Lori la kunyonya lifikie kila tangi, na jambo hilo ndilo linaloamua upana wa barabara: mita 6 bila kizuizi. Aneksi zilizosimama ndani ya upana huo ndizo za kwanza kujengewa mahali pengine.

Umeme upangwe pamoja na mabomba, upite katika mahandaki na miezi ile ile. Kaya 120, nusu zikipika bukari (ugali) kwa resho (jiko la umeme) ya kilowati 1.5 saa moja ya jioni, ni kilowati 90. Ongeza 30 za taa na friji. Transfoma ya kVA 160 inabeba hayo, ya kVA 100 itaungua, na kila kaya italaumu jirani. Mkiomba SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, peleka hesabu hiyo kwa maandishi. Kila nyumba iwe na waya wa ardhi na kikata-umeme cha milliampea 30.

Hatua ya sita: kuhamisha bila kufukuza

Tafuta nafasi iliyo wazi ndani ya kampi au pembeni yake: uwanja wa zamani wa kampuni, gereji iliyofungwa. Jenga hapo kwanza vyumba 18 vya kupitishia, vya kutosha malupango 6 kwa mkupuo. Viwe vya kudumu, kwa sababu mwishoni vitakuwa makao ya wale waliotoka kwenye njia ya barabara. Mkupuo mmoja wa malupango 6 huchukua miezi miwili na nusu mafundi wakiwa wanne kwa nyumba, kwa hiyo kiangazi kimoja kina mikupuo miwili, na malupango 40 yanachukua viangazi vinne. Anayekuahidi vyote kwa mwaka mmoja anapanga kuwapeleka watu mbali, pengine komini ya Annexe pembezoni mwa mji, wakatumie kodi ya mwezi kwa nauli ya basi.

Mkupuo wa kwanza uwe na nyumba mbovu kabisa pamoja na moja ya mtu asiye na jina mjini. Ukianza na wajumbe wa kamati, utapata nyumba sita na kesi 34.

Hatua ya saba: kujenga

Nyumba ya mita 6 kwa 8 inatosha kuonyesha vipimo. Kuta za nje ni mita 28 na za ndani 14. Kwa urefu wa mita 2.8, ukitoa milango na madirisha, zinabaki mita za mraba 102 hivi. Bloku za 40 kwa 20 kwa 15 huingia 12.5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo andaa 1,340 pamoja na zitakazovunjika. Mfuko wa simenti wa kilo 50 unatoa bloku 30 hadi 35 nzuri, yaani mifuko 42. Fundi anayekuambia anatoa 50 kwa mfuko anasema kweli, nawe utaziona zikiyeyuka pembeni. Zimwagilie siku 7 chini ya kivuli, zijengewe baada ya siku 21.

Udongo wa kichuguu, ambao Lubumbashi imeuchomea matofali tangu zamani, unafaa pia kwa matofali ya kushindilia yasiyochomwa, na hapo unaokoa kuni na makala. Ni mnene mno ukiwa peke yake. Jaza sanduku la sentimita 60 kwa 4 kwa 4 udongo uliolowa, uuanike siku tatu hadi saba, kisha usukumie upande mmoja upime pengo. Pengo chini ya milimita 15: simenti moja kwa udongo 18. Kati ya 15 na 30: moja kwa 16. Kati ya 30 na 45: moja kwa 14. Kati ya 45 na 60: moja kwa 12. Zaidi ya hapo ongeza mchanga, ujaribu tena.

Msingi uchimbwe hadi udongo mgumu, walau sentimita 60, upana huo huo, ujazwe mawe. Kichuguu kilichosawazishwa hakifai kujengewa juu: udongo wake unavimba na kusinyaa, na nyufa za ngazi zitarudi. Juu ya msingi weka plastiki nene au lami upana wote wa ukuta, bila kuruka milango. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho kinachosahauliwa.

Mkanda wa zege juu ya kuta, sentimita 15 kwa 20, urefu wa mita 42, ni mita ya ujazo 1.26. Kwa mifuko 7 kwa mita ya ujazo, ni mifuko 9. Nondo nne za milimita 10, zikipishana sentimita 40 kwenye maungio, ni vipande 16 vya mita 12. Ringi za milimita 6 kila sentimita 20 ni 210. Acha nondo zikichomoza kila mita 1.2 ili kufungia sharpanti, kwa sababu upepo unaotangulia mvua ya kwanza hauulizi. Malata yawe BG 28. Ya BG 32, ambayo ni membamba zaidi, ni rahisi siku ya kununua tu.

Paa liwe limefungwa kufikia mwisho wa Septemba. Plasta, sakafu na nyaya zinaweza kusubiri hadi Desemba chini yake.

Hatua ya nane: barabara na riziki

Wengi hupanga taa na miti, wakasahau kwamba mama wa beignets (mandazi) pale kona ndiye anayefanya barabara iwe salama saa mbili usiku. Rudi kwenye orodha ya hatua ya kwanza: kila kazi iliyoandikwa pale ipewe nafasi kwenye ramani mpya, ikiwezekana kona ile ile. Mashine ya unga na gereji zikae ukingoni, zikiwa na umeme wake na mfereji wenye shimo la kunasa mafuta. Embe lililokuwepo lipitiwe na barabara pembeni.

Hatua ya tisa: fedha na malipo

Kazi za pamoja, yaani mfereji, bomba na tangi, ziwe na mfuko wake, na zilipiwe kwa lupango, si kwa kaya, la sivyo mpangaji anamjengea mwenye nyumba. Likelemba (mchezo wa kupeana fedha kwa zamu) inafaa kwa malata na milango. Haifai kwa transfoma, kwa sababu mtu akichelewa mzunguko mmoja wote wanakaa gizani. Kila mwezi baada ya kazi, kila lupango litoe kiasi kidogo cha kuzibua mfereji na kunyonya septiki, na hesabu ibandikwe mahali pa kuchotea maji, kwa franga na kwa jina.

Fundi alipwe asilimia 30 msingi ukikaguliwa, 30 mkanda ukifunguliwa mbao, 30 paa likifungwa. Simenti inunuliwe na kamati na kutolewa kwa mifuko kila asubuhi. Asilimia 10 za mwisho zibaki hadi mvua kubwa ya kwanza. Siku hiyo muite fundi ikiwa bado inanyesha, mzunguke naye nyumba sita zote, mkitazama pembe za dari, kingo za sakafu ya nje na mdomo wa mfereji unakoishia. Panapovuja papigwe chaki, na fedha zitoke pakikauka.